Kivuli cha Saa Moja Asubuhi

Bungulu, komuni ya mji wa Beni, ikitazamwa na droni kutoka mita 120 saa sita mchana ni mabati tu. Paa linafuata paa, barabara ya udongo mwekundu inapita katikati, migomba imejibana nyuma ya nyumba, na jua limesimama wima juu ya vyote likivifuta. Picha ya namna hiyo wengi wanayo kwenye simu zao. Mtu wa Beni akiitazama hutafuta nyumba yake, akishaipata anairudisha simu. Irushe droni ileile juu ya mtaa uleule saa moja asubuhi uone: kila mgomba umelaza kivuli chake barabarani, kila ukuta una upande wa mwanga na upande wa giza, na moshi wa jiko unaonyesha ulikotoka na unakokwenda. Chombo hakikubadilika bei usiku. Kuna mtu aliamka mapema.

Beni, mashariki mwa Kongo, iko kaskazini ya ikweta kwa nusu digrii hivi, na Butembo iko karibu nayo zaidi. Huku jua halinyemelei anga kwa mshazari mrefu kama Ulaya. Linapanda moja kwa moja, karibu digrii 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili, kufikia saa moja mti wa mita 10 unatupa kivuli cha mita 37 hivi. Saa mbili kivuli hicho kimerudi hadi mita 17. Saa tatu kinalingana na mti wenyewe, na kuanzia hapo ardhi inaanza kulala bapa. Wapiga picha wa nchi za baridi husifu mwanga wa dhahabu kana kwamba unamngoja mtu amalize chai. Kwetu haungoji. Kwa hiyo fundi wa picha za angani huku anafanya sehemu kubwa ya kazi yake jioni ya jana yake: betri zimejaa, maana umeme wa asubuhi si wa kutegemea, kadi ina nafasi, kioo cha kamera kimepanguswa, kila bawa limepitishiwa kidole kutafuta ufa. Akifika uwanjani alfajiri anabaki na jambo moja tu la kufikiria, nalo ni mwanga.

Nakisifu kivuli kwa sababu picha inayopigwa wima haina kimo. Kamera ikitazama chini moja kwa moja, mtu ni nukta, mwembe ni duara, mnara ni mraba. Chukua chukudu, ile skuta ya mbao, ipitayo asubuhi na mzigo wa mbao. Ukiwa juu yake kabisa ni kijiti juu ya udongo. Lakini kando yake barabarani kivuli kimechora magurudumu mawili ya mbao, usukani wake mpana, na mgongo wa kijana aliyeinama anasukuma. Chukudu yenyewe haionekani na bado ipo yote. Siku ya kwanza mtu anapoliona hilo kwenye kioo cha kidhibiti, anaacha kupiga picha za vitu na kuanza kupiga picha za vivuli vyao, na kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi wake unapoanza.

Jambo la pili ni kushuka, tena polepole. Droni inamshawishi mtu apande, kwa sababu kupanda ni rahisi na kunasisimua. Lakini juu sana kila kitu kinafanana. Mfaransa Yann Arthus-Bertrand, ambaye kitabu chake cha picha za dunia kutoka angani kilitoka mwaka 1999, alianzia Maasai Mara, Kenya, miaka ya 1970. Alikwenda kuchunguza simba, akawa anarusha puto la hewa ya moto, na puto halikimbii wala halina haraka. Naamini mwendo ule wa pole uliingia machoni mwake ukakaa.

Shuka basi juu ya kakao. Pembezoni mwa Beni, kandokando ya njia, kakao inaanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba. Kutoka mita 100 ni viraka vya kahawia. Kutoka mita 15 unaona mistari ya reki, imepinda taratibu kufuata mkono wa aliyegeuza mbegu, na ukanda mwembamba ambapo alipita peku ili asikanyage zilizokauka. Rangi nazo si moja: zilizoanikwa leo bado hazijakolea, za juzi zimekuwa kahawia nzito. Hiyo tayari ni picha. Ila kwenye mita 15 mwenye kakao anaisikia droni, na ana haki ya kuuliza.

"Jambo, mama."

"Jambo, mwanangu. Ile kadege iko yako?"

"Ndiyo, mama. Ninaomba nipige picha ya kakao yako. Nikikosa ruhusa naishusha sasa hivi."

"Ngoja kwanza niigeuze vizuri. Kisha utanionyesha."

Akiigeuza, picha inakuwa bora kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa yumo yeye, na kivuli chake kimeshika kivuli cha reki. Kumwonyesha baadaye si hisani, ni deni. Anayetazamwa kutoka juu hawezi kumwona anayemtazama, basi anayemtazama amwendee.

Hapa Beni deni hilo ni zito kuliko kwingine. Chombo hiki kilijulikana kwetu kama jicho la vita kabla hakijawa kamera ya harusi. Desemba 2013, kule Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha kwa mara ya kwanza katika historia yake ndege zake za upelelezi zisizo na rubani, zisizobeba silaha, chini ya MONUSCO, kikosi chake cha kulinda amani nchini Kongo. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu wengi waliouawa mashambani na vijijini, na Mei 2021 jimbo zima la Kivu Kaskazini liliwekwa chini ya hali ya dharura, likakabidhiwa uongozi wa wanajeshi. Mtu akisikia mvumo juu ya paa lake hajui ni wa nani. Kwa hiyo ruhusa za wakubwa, za usalama na za anga, ni lazima. Safari zako zikae mbali na uwanja wa ndege wa Mavivi. Na baada ya karatasi zote hizo bado unakwenda kwa shefu wa kartie, unasimama penye watu ukiwa umeshika kidhibiti mbele ya kifua, watoto wakikuzunguka, ili kila anayeinua macho ajue pa kuyarudisha.

Na kuna picha ambazo fundi hazipigi, hata kama mwanga ni mzuri. Vizuizi vya askari, kambi, mahali walipolala waliokimbia vijiji vyao. Faili la droni hubeba ndani yake namba za mahali lilipopigwa, latitudo na longitudo, pamoja na saa. Picha nzuri ya mahema alfajiri inaweza kumfikia mtu anayetafuta njia ya kwenda kwenye mahema. Kabla ya kutuma faili lolote, namba hizo zifutwe. Hili naliweka ndani ya ufundi wenyewe, pamoja na kuchagua mwanga na kimo.

Mabati yanahitaji neno lake. Bati jipya likipigwa na jua la chini linawaka jeupe, na kamera ikijaribu kuliokoa inaifanya barabara kuwa nyeusi, ikijaribu kuiokoa barabara inaliunguza bati. Piga faili ghafi, acha ISO kwenye 100, punguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, kwa sababu giza linaweza kuinuliwa baadaye lakini weupe uliokwisha kuungua hauna kitu ndani yake. Kichujio cha kupunguza mng'ao hakisaidii sana kwenye chuma kitupu. Mara nyingi kinachosaidia ni kusogea mita chache upande: mng'ao ni wa pembe moja, pembe ikibadilika paa linarudi kuwa paa, na kutu yake, na mawe yaliyowekwa juu lisiezuliwe na upepo.

Mlima nao una ukaidi wake. Ruwenzori iko mashariki ya Beni, na asubuhi ndipo hujifunua. Lakini asubuhi jua linatokea nyuma yake, kwa hiyo unapata ukingo wake mweusi tu. Jioni mwanga ungeupiga usoni, na jioni aghalabu umeshajifunika mawingu. Mwitaliano Vittorio Sella alipanda huko mwaka 1906 pamoja na msafara wa Duki wa Abruzzi, kutoka upande wa Uganda, na kamera yake nzito, akivingoja vilele vifunguke. Sisi tuna chombo kinachotoshea mfukoni, na kungoja kwenyewe hakujapungua hata dakika moja. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, hewa ikiwa imeoshwa, ndiyo ya kujaribu. Wakati wa kuchoma mashamba, moshi ukiwa umetanda, usipoteze betri.

Ningependa vijana wa Bungulu na Butembo waipeleke kazi hii kwenye makorongo. Mvua inakula miji hii kwenye miteremko. Barabara ya mwaka juzi leo ni mfereji, na nyumba ya kando inangoja zamu. Zanzibar walianza mwaka 2016 kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ndogo, na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walifundishwa kuzirusha, picha moja ikiipanda nyingine kwa sehemu kubwa hadi ramani ikajengeka. Korongo moja halihitaji mradi wa namna hiyo. Linahitaji mtu mmoja na daftari: mahali pa kurukia, palepale penye jiwe lilelile; kimo, mita 40; kamera wima, kisha digrii 45 ikitazama mteremko; saa moja asubuhi, kivuli kionyeshe kina. Mwisho wa kila msimu wa mvua anarudi na kupiga tena, analinganisha ukingo kwenye picha mbili, kisha anazichapisha kwenye karatasi kubwa na kuzipeleka komuni, akiwa na wenye nyumba za ukingoni.