Kitabu cha Youcat na maswali ya vijana wetu

Kitabu kile chenye jalada la manjano, kiitwacho Youcat, kimeingia katika parokia zetu nyingi. Mapadri wanakinunua kwa Kifaransa, makatekista wanakiazima, vijana wa kipaimara wanakibeba pamoja na madaftari yao. Kimesifiwa mahali pengi, na sisi pia tunakisifu. Lakini yafaa tukipime, kama seremala apimavyo ubao kabla ya kuupigilia msumari. Maana wengi wetu tulikipokea kama dawa ya kumaliza taabu yote ya kuwafundisha vijana, na taabu haikwisha. Vijana wanapokea kipaimara leo, na mwaka ujao hatuwaoni tena. Je, kosa ni la kitabu, ao ni letu?

I. Kitabu chenyewe

Youcat ilitolewa mwaka 2011, watu walipokuwa wakijitayarisha kwa Siku ya Vijana ya Dunia huko Madrid. Iliandikwa kwanza kwa Kijerumani, na mwangalizi wa kazi hiyo alikuwa Kardinali Christoph Schönborn, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Vienna wakati ule. Ndiye yule aliyekuwa katibu wa uandishi wa Katekismu ya Eklezya Katolika ya mwaka 1992. Kwa hiyo haishangazi kwamba Youcat inafuata mpango uleule wa sehemu nne: mambo tunayosadiki, namna tunavyoadhimisha mafumbo ya Kristu, uzima wetu ndani ya Kristu, na sala. Maswali yote ni 527. Kando ya majibu yamepangwa maneno ya Biblia, ya watakatifu na ya watu wengine wenye hekima. Kuna picha nyingi, na hata vichoro vidogo pembeni mwa kurasa, vinavyoonekana kutembea ukizipeperusha upesi.

Tuseme wazi wema wa kitabu hiki. Kwanza, hakiwadharau vijana. Kwa muda mrefu wengi wetu tulifikiri kwamba kijana wa miaka 15 hawezi kuvumilia mafundisho, basi tukampa ngoma, mpira na safari. Xaveri, Kiro na Skuti ni vikundi vizuri, vinafundisha udugu na utii. Lakini skafu ya shingoni haimpi kijana neno la kujibu anapoulizwa juu ya imani yake. Youcat inampa neno hilo. Inamwambia mambo ya Utatu Mtakatifu, ya neema, ya dhambi, ya Ekaristi, ya usafi wa moyo na mwili, bila kuyafunika.

Pili, marehemu Papa Benedikto XVI aliandika dibaji yake, na dibaji hiyo yastahili kusomwa na kila katekista kabla ya kufungua swali la kwanza. Papa hawabembelezi vijana. Anawaambia kwamba kitabu hiki hakisemi maneno ya kuwapendeza tu, maana kinawadai maisha mapya. Tena anawaomba wakisome kwa bidii, kila mtu katika utulivu wa chumba chake, ao wawili wawili, ao katika vikundi. Tuangalie vema: hasemi neno la kukariri kwa ajili ya mtihani. Sisi ndio tulioongeza hilo.

II. Kijana wa kitabu na kijana wa parokia

Kila katekismu ina mtu inayesema naye. Ukisoma Youcat polepole utamwona mtu huyo. Ni kijana wa Ulaya, amesoma shule, anasikia kila siku kwamba Mungu hayuko. Kwa hiyo kitabu kinamwuliza: kwa nini watu wanamkana Mungu, kama akili yaweza kumjua? Je, imani na sayansi zinapingana? Je, Mkristu aweza kukubali mafundisho juu ya mageuzi ya viumbe na bado akamsadiki Muumba? Majibu ni mazuri, na vijana wetu wa sekondari wanayahitaji pia, hasa wale wanaosoma mengi kwenye simu zao.

Lakini swali la kwanza la kijana wa Bukavu, wa Uvira ao wa Kalemie si hilo. Yeye hana shaka kwamba Mungu yuko. Shaka yake ni nyingine: Mungu huyu ana nguvu kuliko walozi? Kwa nini mtoto wa jirani alikufa siku mbili tu baada ya ugomvi? Kwa nini Mungu aliacha kijiji chetu kichomwe, na waliokichoma wakatembea huru? Nikikataa matabishi, nitapata kazi wapi? Mababu waliokufa bila ubatizo wako wapi?

Youcat haikunyamaza kabisa. Inauliza kwa nini Mungu, mwenye kujua yote na kuweza yote, hazuii mabaya. Penye amri ya kwanza inakataza uchawi na ramli, kisha inauliza kama elimu za siri, kama ile iitwayo New Age, zaweza kupatana na imani, na inajibu kwamba haziwezi. Ni kweli. Lakini nani katika mashirika yetu anasumbuliwa na New Age? Kijana wetu anasumbuliwa na mhubiri wa chumba cha sala aliyeonyesha kidole kwa mtu wa nyumba yake. Juu ya shitaka hilo, linalovunja jamaa na kufukuza wajane, hatukuona swali hata moja.

Hatuwalaumu waandishi. Waliandika kwa ajili ya vijana waliowajua. Lawama yaja kwetu, tuliofikiri kwamba kazi yao yatosha kuwa kazi yetu.

III. Tuliyoyaona sisi wenyewe

Miaka michache iliyopita tulikuwa na kundi la kipaimara katika parokia moja ya Kivu. Kijana mmoja wa miaka 16 alikuwa wa kwanza katika kukariri. Ukimwuliza kwa nini tuko duniani, alijibu bila kusita: kumjua Mungu na kumpenda, kutenda mema anavyotaka Yeye, na siku moja kufika mbinguni. Tulimpa kitabu kama zawadi.

Siku moja, katikati ya fundisho juu ya sakramenti, aliinua mkono akauliza kama mtu wa jamaa aweza kuleta ugonjwa ndani ya nyumba kwa ulozi. Wenziwe walinyamaza wote. Tulitazama saa, tukamjibu kwamba swali hilo si la leo, tutalirudilia siku nyingine. Siku hiyo nyingine haikufika. Tulikuwa na maswali mengi ya kumaliza kabla ya Askofu kuja.

Wiki mbili baada ya kipaimara tulisikia habari. Mama wa kijana alikuwa mgonjwa tangu miezi mingi. Walikwenda katika chumba cha sala, mhubiri akamtaja shangazi, mjane mzee aliyekaa nao. Ni kijana wetu mwenyewe aliyetoa vyombo vya shangazi nje, kwenye mvua. Tulimkuta mama mzee amelala jikoni kwa jirani. Tulipomwita kijana na kumkemea, hakugombana nasi. Alisema tu: “Padri, hamkutuambia kitu juu ya mambo hayo. Yule mhubiri alituambia.”

Hatukuwa na jibu. Alikuwa amejua yote tuliyomfundisha, na hakuona kwamba yalihusu nyumba yake. Jibu la swali lake lilikuwa ndani ya kitabu kilekile tulichompa, lakini sisi hatukumwonyesha.

IV. Kuanza na swali la kijana, kufika kwenye fundisho

Jibu hilo lilikuwa wapi? Tuchukue swali la kijana yule na kufungua Youcat upya. Penye uumbaji tunasoma kwamba Mungu peke yake ni Muumba. Hata pepo wabaya ni viumbe walioanguka, hawana nguvu sawa na yake. Penye mateso na ufufuko tunasoma kwamba Kristu alishinda kifo, na mbatizwa anashiriki ushindi huo. Penye mpako wa wagonjwa tunaona kwamba Eklezya haimwachi mgonjwa, inamwombea. Nayo haimkatazi kwenda hospitali. Penye amri ya tano na ya nane tunakuta kwamba kumharibia mtu maisha ni dhambi, na kumshuhudia uongo ni dhambi. Mambo haya yote yako katika kitabu, lakini yametawanyika katika sehemu mbalimbali. Kazi ya katekista ni kuyakusanya mbele ya swali moja lenye uzito, kama mama anavyokusanya kuni kutoka sehemu nyingi ili awashe moto mmoja.

Hivyo ndivyo alivyofanya Bwana. Katika njia ya Emau alianza kwa kuwauliza wale wanafunzi wawili walikuwa wakizungumza nini, akawaacha waseme huzuni yao yote. Kisha akawafafanulia Maandiko, tena bila kuwaficha ugumu wa moyo wao. Naye mwenyewe, alipokuwa na miaka 12, alionekana hekaluni katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Yezu kijana aliuliza. Kwa nini basi vijana wetu waketi wakijibu tu?

Mababu zetu katika imani walijua jambo hili. Karoli Lwanga hakuwafundisha watumishi vijana wa mfalme Mwanga mahali pa usalama. Aliwafundisha ndani ya jumba la mfalme, palepale palipokuwa na hatari kwa miili na roho zao. Kizito alikuwa na miaka kama 14. Alibatizwa mwezi wa Mei 1886 na kuuawa huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Fundisho juu ya usafi halikuwa kwake jambo la kukariri. Lilikuwa jibu kwa hatari aliyokutana nayo kila siku.

Tena, kitabu cha mwaka 2011 hakikuweza kuwa na mfano tulio nao leo karibu kabisa. Floribert Bwana Chui wa Goma alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa fedha za wale waliotaka kupitisha chakula kilichooza, akauawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Alitangazwa mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Kijana anayeuliza kama yawezekana kukataa matabishi asijibiwe kwa amri ya saba peke yake. Aonyeshwe Floribert, kisha asomewe amri ya saba, naye ataielewa.

V. Onyo juu ya tafsiri, na neno juu ya saa

Katekista wengi wanasoma Kifaransa na kufundisha Kiswahili palepale. Hiyo ni kazi ngumu kuliko tunavyofikiri. Hata chapa ya Kiitaliano ya Youcat, iliyotayarishwa na wataalamu, ilikosewa katika mwaka uleule 2011 penye jibu juu ya kupanga uzazi, ikabidi isahihishwe. Ikiwa wataalamu wamekosa wakiwa na kamusi mezani, katekista aliyesimama mbele ya vijana 60 atafanyaje? Tulimsikia mmoja akifasiri neno la Kifaransa la fumbo kuwa “siri”. Vijana walifahamu kwamba Ekaristi ni kitu cha siri wanachokijua mapadri peke yao. Padri na makatekista wakutane siku ya Ijumaa, wasome pamoja jibu la Jumamosi, wapatane juu ya maneno. Saa moja yatosha.

Wengine watatuambia: mkifuata maswali ya vijana, mpango utaharibika na maswali 527 hayatakwisha. Twajibu kwamba hatuombi kuacha mpango. Fundisho lisilo na mpango ni maneno ya njiani. Twaomba kila fundisho lianze kwa kusikiliza, hata dakika kumi, na maswali yaandikwe katika daftari moja ya kundi. Lile lisilopata jibu leo lipewe siku yake, na siku hiyo ishikwe. Na kama hatuwezi kufika swali la 527, ni afadhali kijana ajue 100 yaliyoingia nyumbani kwake, kisha akiendelea kusoma mwenyewe baada ya kipaimara, kama Papa alivyoomba.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Youcat ni kitabu chema, kinunuliwe, kisomwe, kisiwekwe kabatini. Lakini hakiwezi kuketi penye kiti cha katekista. Nanyi ndugu waseminari, mnaojitayarisha kufundisha, jifunzeni majibu yote kwa bidii, na pamoja nayo jifunzeni kutotazama saa kijana anapoinua mkono. Shangazi yule alirudi nyumbani baada ya miezi mitatu, na kijana ndiye aliyebeba vyombo vyake. Kwa hiyo tunamshukuru Mungu. Ile miezi mitatu, lakini, tutaulizwa sisi.