Sura ya Nchi na Mitambo Yake

Morogoro huitwa mji kasoro bahari. Maana yake ni kwamba mji huu umejaaliwa kila jema, ila bahari tu. Lakini sisi tulioishi kwa miaka mingi chini ya Uluguru tunaona kuwa kasoro hiyo ina fidia yake, kwani mlima ndio bahari yetu. Huko ndiko linakotoka wingu la mvua, na huko ndiko inakoanza mito ya Ruvu, ambayo maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Mshairi wa hapa akishika kalamu, mlima humjia kwanza. Kwa hiyo sura ya nchi si pambo tu, bali ni sehemu ya utamaduni.

Je, mtambo wa kisasa ukisimikwa katika sura hiyo, huiharibu au huiongezea maana? Swali hili huulizwa sana Ulaya, ambako vinu vya kufua umeme kwa nguvu ya upepo husimikwa baharini, mbele ya macho ya wakazi wa pwani. Pwani yetu haijapata bado vinu vya namna hiyo. Hata hivyo, mlima wetu umekwisha kutupa mafunzo mawili.

Funzo la kwanza lipo juu ya kilele cha Bondwa, penye minara ya mawasiliano. Hebu tusome insha za wanafunzi wetu juu ya Uluguru. Tutakuta ukungu, ndege na maporomoko ya maji, lakini mnara hatutauona. Wala tusiwalaumu watoto, kwani sisi watunzi ndio tuliowafundisha hivyo. Tumeusifu mlima wa kale na kuuruka mnara kana kwamba ni doa kwenye kanzu. Kimya hicho hakiuhifadhi mlima. Kinatunyima tu nafasi ya kusema kama mnara umewekwa mahali pake au sivyo.

Funzo la pili ni chungu zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, ili udongo usichukuliwe na maji. Nia ilikuwa kuhifadhi ardhi. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na mara nyingi uchimbaji ulifukua udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walisimama kuupinga mpango huo, ukaachwa. Lakini leo, mtu apitaye Mgeta huona matuta yamejaa mboga, na huyaita mazuri. Tuta ni tuta. Lililochimbwa kwa amri lilionekana kovu, na linalomlisha mwenye shamba huonekana pambo.

Sasa tuiangalie bahari. Mbele ya mji wa Copenhagen, nchini Denmark, vipo vinu 20 vilivyoanza kazi karibu na mwaka 2000. Mpango wa kwanza ulikuwa vinu 27 katika safu tatu. Wananchi walipotoa maoni yao, vikapunguzwa, vikapangwa katika mstari mmoja uliopinda kama upinde, na nusu yake ikawa mali ya chama cha ushirika chenye maelfu ya wanachama. Vinu havikufichwa, bali viliingizwa katika sura ya mji kwa adabu.

Kutokana na mifano hii tunapata vipimo viwili vya uhakiki. Kwanza, je, umbo la mtambo linapatana na mistari ya mahali pale, au linaikata? Pili, je, wenyeji walishauriwa, na wana fungu katika faida yake? Mtambo unaoshindwa vipimo vyote viwili ni mvamizi, hata ungepakwa rangi gani. Unaofaulu ni mgeni mwema, na wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Huenda siku moja upepo wa Tanga, Mafia au Mtwara ukatakiwa kazini. Siku hiyo taifa litahitaji watu wanaojua kuitazama nchi yao na kuisemea. Walimu hawana budi kuianza kazi hiyo sasa. Wawatoe wanafunzi nje ya darasa, wawaambie waueleze mlima wote kama ulivyo, pamoja na mnara wake. Nasi watunzi tutajifunza pamoja nao.