Rehema na Kibali

Hukumu za mahakama huandikwa kwa ajili ya mawakili, wala si desturi yetu kuzihakiki darasani. Hata hivyo, namwomba msomaji aivumilie moja. Ilitolewa na Mahakama ya Juu ya Kanada tarehe 18 Januari 2001, katika kesi ya Robert Latimer, mkulima wa Saskatchewan, aliyemwua binti yake Tracy mwezi wa Oktoba 1993.

Tracy alikuwa na umri wa miaka 12. Tangu kuzaliwa alikuwa na mtindio wa ubongo. Hakuweza kutembea wala kusema, alishikwa na kifafa mara tano au sita kwa siku, na siku ya kupasuliwa tena ilikuwa karibu. Baba yake alisema kwamba alitaka kumwondolea mateso. Raia walioamua kesi hiyo mwaka 1997 walimwona ana hatia, lakini wakapendekeza aweze kufunguliwa baada ya mwaka mmoja. Sheria haikuruhusu: adhabu yake ilikuwa kifungo cha maisha, bila kufunguliwa kabla ya miaka 10.

Watu wengi walimwombea msamaha, nami nawaelewa. Kosa lao ni la uandishi kabla ya kuwa la sheria. Katika maombi yao Tracy alikuwa maumivu matupu, hana jambo jingine. Majaji saba, ambao wangetazamiwa kuandika kwa ukavu, waliandika zaidi: kwamba alipenda muziki, na akiifungulia redio kwa kitufe alichotengenezewa, kwamba alifurahia moto wa kuota nje na sarakasi, kwamba aliwatambua jamaa zake na kuwafurahia. Pia walionyesha kwamba njia nyingine ilikuwapo, kama vile kulishwa kwa mpira, ijapokuwa ilikuwa njia ngumu.

Mwishoni walisema kwamba rehema ni kazi ya serikali, si ya mahakama. Ni kweli, lakini ni maneno baridi kwa mtu anayekwenda kifungoni.

Na Latimer mwenyewe? Mwaka 2007 alinyimwa ruhusa ya kutoka kwa masharti, kwa kuwa hakuonekana kulielewa kosa lake. Alishikilia kwamba alitenda haki. Alianza kutoka mwaka 2008, akapewa uhuru mpana zaidi mwaka 2010, na mwaka 2018 aliiomba serikali msamaha au kesi mpya. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Anayeomba rehema hukiri kosa. Asiyekiri huomba kibali. Mimi ningalitia sahihi yangu apunguziwe miaka, kwa maana hakuwa mtu wa kuogopwa. Nisingalitia sahihi chini ya karatasi isemayo kwamba alifanya vema.

Tulipoisoma hukumu hii chuoni, mmoja wa walimu wanafunzi, ambaye ndugu yake ana ugonjwa huo huo, alitaka tuirudie sehemu ya redio. Tuliirudia.