Hamsini Toa Thelathini na Tano

Ukinunua vitunguu vya shilingi thelathini na tano sokoni Busia, ukampa hamsini mtoto anayemshikia mamake meza, chenji utaipata kabla hujafunga pochi. Mtoto huyo hatoi, anapanda: thelathini na tano, arobaini, hamsini. Tano na kumi, basi kumi na tano. Wapo wanaofanya hivyo kwa shilingi ya Kenya na ya Uganda kwa pamoja, maana mteja anayefuata huenda amevuka mpaka sasa hivi. Kesho yake darasani mtoto yuleyule anaandika ubaoni: 50 – 35 = 25.

Hapo ndipo ninapopenda kumtazama mwalimu. Wengi watatia alama ya kosa kwa wino mwekundu na kuita mwingine. Mwalimu hodari hulisikiliza kosa jinsi fundi wa pikipiki anavyosikiliza injini kabla ya kushika spana. Ile 25 haikuzuka tu, ina njia yake. Mtoto alikuta sifuri juu na tano chini, akazigeuza: tano toa sifuri, tano. Kisha tano toa tatu, mbili. Mtu aliwahi kumwambia kwamba ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa, naye akatii.

Mwalimu hasemi amekosa. Anauliza, "Mama akikuona umempa mteja ishirini na tano, atasemaje?" Darasa linacheka na mtoto naye anacheka, kwa kuwa anajua vizuri mama atasema nini. Halafu vinatolewa vijiti, mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa kwa mpira. "Nipe thelathini na tano." Mtoto anatoa mafungu matatu, kisha anakwama, kwa sababu hakuna kijiti kilicho peke yake. Mwalimu mchanga angemwonyesha papo hapo. Huyu ananyamaza, anaangalia kando kama aliyesahau. Kimya kile ni kigumu kuliko maelezo ya nusu saa, na sijui chuo kinachoweza kukifundisha kwa wiki moja. Mwishowe mtoto anafungua mpira wa fungu la nne, anahesabu vijiti vitano, anampa. Siku atakapokata ile tano ya makumi daftarini na kuandika nne juu yake, atakuwa anaandika kitu ambacho vidole vyake vilikwisha kukifanya.

Jambo hili si la Busia pekee. Huko Recife, Brazil, utafiti uliochapishwa mwaka 1985 uliwafuata watoto wachuuzi. Sokoni karibu kila hesabu yao ilikuwa sahihi. Walipopewa hesabu zilezile za tarakimu tupu kwa karatasi na kalamu, walipata chini ya nusu. Akili ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha meza ya soko na ubao.

Mpakani kazi ya kuunganisha ina lugha ndani yake. Darasa moja upande wa Kenya laweza kuwa na wanaoongea Kisamia, Kikhayo na Kiteso nyumbani. Ukienda Tororo, upande wa Uganda, unakutana na Kiteso tena, pamoja na Dhopadhola. Mtaala wa Uganda tangu 2007 unataka miaka mitatu ya kwanza ifundishwe kwa lugha ya eneo, kisha Kiingereza kishike nafasi. Kenya nayo ina sera inayofanana na hiyo. Lakini lugha ya eneo katika mji wa mpakani ni ipi? Mwalimu hutoa agizo kwa Kiswahili, humrudia kwa Kiteso yule wa kona, halafu hulitaja tendo kwa Kiingereza kwa sababu mtihani utalitaja hivyo.

Wachumi wameichunguza Busia kwa muda mrefu. Mwaka 1996, katika wilaya za Busia na Teso, shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada. Kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa mbele tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi ni lugha ya tatu. Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, alishiriki utafiti huo. Yeye na Edward Miguel walipima pia dawa ya minyoo katika shule 75 za Busia: utoro ulipungua kwa robo, ila alama za mtihani zilibaki palepale. Dawa ilimfikisha mtoto darasani, jambo kubwa kweli. Baada ya hapo ni zamu ya mwalimu.

Wachumi walijaribu hata kuwapa walimu zawadi kulingana na alama za wanafunzi. Vipindi vya ziada vya kujiandaa kwa mtihani viliongezeka na alama zikapanda, lakini mahudhurio ya walimu hayakubadilika, na faida haikudumu. Mimi sishangai. Zawadi ililipia 15, haikulipia kuielewa 25.

Utaniuliza, na darasa la watoto themanini je? Elimu ya bure, Uganda mwaka 1997 na Kenya 2003, ilijaza madawati kweli. Mwalimu ninayemsifu hupitia madaftari usiku, akikuta 25 imejirudia mara kumi na tano anajua somo la asubuhi limekwisha kupangwa. Asubuhi huuliza swali kwanza, husubiri, ndipo hutaja jina. Akitaja jina mwanzo, waliobaki watapumzika.

Mzazi, siku ya mkutano usiulize tu mtoto amekuwa namba ngapi. Fungua daftari la hesabu kwenye ukurasa wenye makosa, umuulize mwalimu mtoto alifikaje kwenye jibu lile. Akikueleza, nenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu umsihi asimhamishie mwalimu huyo darasa la mtihani. Wadogo ndio wanaomhitaji zaidi.