Theluji ya Pamba

Nilipokuwa mtoto Tanga, Krismasi ilitukuta katikati ya joto la kaskazi. Baba alikata tawi la mvinje akalisimamisha kwenye debe la mchanga, nasi watoto tukachambua pamba na kuitandaza juu ya matawi. Hiyo ndiyo ilikuwa theluji yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa ya kweli. Sasa naishi Saksonia, mashariki mwa Ujerumani, ambako theluji huanguka hadi mlangoni pangu, na bado natengeneza ya pamba. Naitengeneza kwa uzi mweupe, fundo baada ya fundo mpaka iwe nyota, kisha naiuza kwenye gulio la Adventi.

Waingereza huiita kazi hii tatting. Wafaransa huiita frivolité, kana kwamba ni mchezo tu, na Waitaliano chiacchierino, jina lililotoka kwenye soga. Majina yote mawili yanaionea. Lililonikaa moyoni ni la Wajerumani, Schiffchenarbeit, yaani kazi ya kijahazi, kwa kuwa chombo chake kimechongoka mbele na nyuma na uzi wote umo tumboni. Mtu wa pwani akikiona mara moja tu ameshakijua. Mimi nakiita kidau.

Uzi huzungushwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Kidau hupita chini yake na kurudi juu, hiyo ni nusu ya fundo. Kisha hupita juu na kurudi chini, na fundo limetimia. Ukieleza hivyo kila mtu anaitikia kwa kichwa, na akijaribu anashindwa, maana siri haimo kwenye kidau. Unapokivuta kidau lazima ulegeze vidole vya kushoto, na hapo fundo huhama: lilikuwa la uzi wa kidau, sasa ni la uzi wa mkononi, na uzi wa kidau umenyooka katikati yake kama mshipi uwezao kuvutwa. Lisipohama, linakaza palepale na duara halitafungika kamwe. Kuhama huko kulinichukua wiki tatu za jioni. Bibi wa ghorofa ya chini, aliyenifundisha, hakuwa na Kiswahili, na Kijerumani changu kilikuwa bado kichanga, kwa hiyo alinishika kidole na kukilegeza kwa kidole chake, tena na tena. Usiku fundo lilipohama nilipiga kigelegele. Alishtuka, kisha akaniomba nikirudie.

Mama alifuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, na nilidhani mikono yangu imekwisha kuandaliwa. Lakini kroshia ina huruma. Ukikosea unavuta uzi, safu zinafumuka, unaanza upya na uzi uleule. Kidau hakina njia hiyo ya kurudi. Kila fundo ni fundo kamili, na kulifungua unahitaji sindano na macho mazuri, au mkasi. Ndiyo sababu mafundi wa kazi hii huhesabu kimoyomoyo: mafundo matano, kitanzi, matano, kitanzi. Vile vitanzi vidogo ni pambo, lakini pia ni viungo, kwa kuwa duara jipya hushikana na lililotangulia kupitia hapo. Kimoja kikizidi vingine kwa upana wa unyasi, nyota inapinda.

Nyota zangu zina ncha sita. Za ncha nane hupangika kwa urahisi na huuzwa sana, ila mimi sizitengenezi, kwa sababu maji yakiganda angani molekuli zake hujipanga kwa pembe sita. Nikitaka umbo jipya natazama picha za Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, huko Marekani. Mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Zile chembe zote zilikuwa zinayeyuka huku akizitazama.

Nyota ikikamilika huwa laini kama leso iliyolowa. Naichovya katika gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji (wazee walitumia maji ya sukari, na sukari huita wadudu), kisha naibana kwa pini ubaoni, ncha kwa ncha, mpaka ikauke. Pini ziwe zisizoshika kutu. Mwaka wangu wa kwanza niliamka nikakuta alama za kahawia kwenye nyota tisa, na hakuna iliyosafishika.

Hapa Saksonia upo mji wa Plauen, ambao lasi yake ya mashine ilipata tuzo kuu katika maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900. Ni lasi nzuri, naiheshimu, na mapambo yake ya Krismasi huning'inia madirishani pote. Ila mteja huja na bei ya mashine kichwani. Desemba iliyopita baba mmoja aliishika nyota yangu, akauliza bei, akairudisha mezani taratibu. Sikumbishia. Binti yake alikuwa anatazama kidau changu, maana siku hizi naketi gulioni nikifanya kazi, si kusubiri. Nikampa akishike, nikashika vidole vyake vya kushoto, nikavilegeza. Walikaa pale dakika ishirini kwenye baridi ile, na fundo halikuhama. Baba akainua nyota tena, safari hii akiifuata duara kwa duara kwa ncha ya kidole, akihesabu.

Nyota moja hunichukua saa tatu kufunga, na usiku mzima kukauka. Bei yake ni euro 12, na sipunguzi.