Nafasi ya Vidole Viwili

Mzee aliyekuwa akiandika nasaba za mtaa wetu, kisiwani Pate, hakuwa na ofisi. Alikuwa na kidaka ukutani, na ndani yake daftari lililoviringishwa kwa kipande cha marekani ili mchwa wasiingie. Mtoto akizaliwa, baba yake alikwenda kwake baada ya alasiri. Mzee aliuliza jina, tarehe ya mwezi, jina la mama, kisha jina la baba wa mama, na hapo vijana wengi walikwama wakatumwa nyumbani kuuliza. Kalamu haikuguswa mpaka jibu lirudi.

Nilichokipenda zaidi ni ile nafasi. Mbele ya kila jina aliacha peupe upana wa vidole viwili, akipima kwa vidole vyake mwenyewe. Ilikuwa ya tarehe ya kufa. Mtoto ana siku saba, na mahali pa mauti yake pameshatengwa. Utotoni jambo hilo lilinitisha, sasa naliona ni adabu.

Kaka wa mzee alipanda jahazi la boriti kwenda Ghuba, hakurudi. Hitima ikasomwa, mkewe akakaa eda, akaolewa na mwingine. Mzee hakuandika kitu. Nilipomuuliza alisema, "Mwanangu, sikumwona, wala sijaletewa aliyemwona." Peupe pale pakabaki peupe.

Ustadi huu wa kalamu haukuanza kwake. Siyu, kisiwani mumo humo, palikuwa na waandishi walionakili misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu, katika karne ya 18 na ya 19. Na Pate yenyewe ina habari za wafalme wake wa Kinabahani. Kitabu cha asili inasemekana kiliteketea Witu mwaka 1890, Waingereza walipouchoma mji ule. Zilizobaki zilitoka kinywani mwa Bwana Kitini, aliyezipokea kwa babu yake. Afisa Mwingereza, Stigand, akazichapa kwa Kiingereza mwaka 1913, na mtaalamu wa Kiswahili, Alice Werner, akafuatia na maandishi ya Kiswahili muda mfupi baadaye. Habari hizo zinaanza mwaka 600 wa Hijria, mfalme akifuatana na mfalme bila pengo. Wanahistoria wameutilia shaka mwaka huo, na wana haki. Mwandishi wa wafalme, nadhani, hakuruhusiwa kuacha vidole viwili.

Kaunti ya Lamu, kilipo kisiwa chetu, ndiyo yenye watu wachache kuliko zote 47 za Kenya: 143,920 katika sensa ya 2019. Ungedhani watu wachache hivyo ni rahisi kujuana. Lakini mwaka jana nilihudhuria posa ambayo pande zote mbili zilikuwa na vyeti vya kuzaliwa vyenye mihuri, na hakuna aliyeweza kusema kama bibi zao walinyonya ziwa moja. Cheti kinamtaja baba na mama, kisha kinanyamaza. Zamani swali kama hilo lilimalizwa na mzee mmoja kwa kufunua kurasa mbili, kahawa haijapoa.

Daftari lake sasa liko Mombasa kwa mjukuu wake, ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati. Kijana ni msomi, ana shahada, na ananiheshimu sana. Alilishusha, akalifungua kinyume, kutoka kushoto. Ni Kiswahili kitupu kile, lugha aliyonyonya nayo, ila kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na yeye amezizoea kwenye msahafu tu, zenye irabu zake. Alinipa simu nipige picha kurasa zote, kana kwamba kuzipiga picha ni kuzisoma.

Kama kwenu kuna daftari la namna hii, na kuna shangazi au ami ambaye bado analisoma, nenda kwake wiki hii. Chukua kalamu. Muulize kwanza jina la baba wa mama yako.