Mbegha: Mwindaji Aliyegeuzwa Mwenye Mvua

 

Miongoni mwa vitabu vya Kiswahili vilivyotungwa na Waislamu, kimoja kimepuuzwa katika vyuo vyetu vya Lushoto, nacho ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyefariki mwaka 1912. Kilipigwa chapa kwa sehemu huko Magila, kwa mtambo wa mapadri wa Kiingereza, baina ya mwaka 1895 na 1907, kisha kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Wapo wenzetu wanaowakataza wanafunzi kukisoma, wakidai kimejaa uganga na kinakuza mizimu. Sisi tunaona kwamba hukumu hiyo imetangulia kusoma.

Kisa chenyewe wazee wa Usambara wanakijua. Mbegha alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kwanza, yaani kigego, na mila ilitaka mtoto wa namna hiyo auawe. Akaachwa hai, lakini alipokuwa mkubwa jamaa zake wakamnyima urithi, wakamwona nuksi. Akakimbia na mbwa wake, akawa anawinda nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, nyama akiwapa watu nao wakimpa chakula cha shamba. Akapanda milima, akafika Bumbuli, akaamua magomvi ya watu kwa haki. Usiku mmoja akamuua simba, na kwa hilo akaitwa Simba Mwene, akatawalishwa Vugha.

Hebu tazama, ndugu msomaji, kilichomo humo. Ni mtu aliyedhulumiwa, akawalinda wanyonge kwa mkuki wake mwenyewe, watu wakampenda. Vijana wetu wanaoazimana vitabu vya picha vya Marekani, vyenye mashujaa waliofunika nyuso wakiwaadhibu waovu usiku, watamtambua mara moja. Hakuna shirki katika kumpenda shujaa. Shirki ilikuja baadaye, kizazi baada ya kizazi, pale uwindaji na uamuzi wa haki vilipowekwa kando, ikabaki damu yake na dawa zake. Wasambaa wakaamini kwamba mfalme wa ukoo huo akiwa na nguvu nchi hupona, nao huita kuzifya shi, na watawala wakishindana nchi huharibika, ndiyo kubana shi. Mvua ikawa mkononi mwa mtu. Mizimu ya wafalme ikafanyiwa matambiko. Na kodi ikafuata mvua, maana nani atamnyima ng'ombe yule anayeshika mawingu?

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), katika tafsiri ya Suratu Nuh aya ya 23, kwamba Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuhu. Walipokufa, shetani akawashawishi watu wasimamishe masanamu katika mabaraza yao na kuyaita kwa majina yao. Hayakuabudiwa mpaka waliposimamisha walipokufa na elimu ikapotea. Hapo ndipo penye nukta yetu: kilichofungua mlango ni kupotea kwa elimu. Basi kitabu kinachomweleza Mbegha tangu kuota meno mpaka kufa, mwenye njaa, mkimbizi, mla nyama ya nguruwe (na mwandishi Mwislamu hakulificha hilo, nayo ni amana ya kusifiwa), kitabu hicho hakimfanyi mungu. Kinamrudisha kuwa mja.

Tena Abdallah bin Hemedi hakuishia kwenye utukufu. Anatupeleka mpaka baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, yapata mwaka 1862, Semboja wa Mazinde, naye alikuwa amesilimu, anapompiga vita mjukuu aliyetawazwa, na watu wa milimani wanakamatwa na kuuzwa. Wabondei wakawaasi Wakilindi katika ile iitwayo Kiva. Msomaji anajionea jinsi wenye mvua walivyoshindwa kuwalinda raia wao, wakawauza.

Aibu ya kitabu iko pengine. Mwandishi anasimulia kigego na fingo kwa sauti ile ile anayosimulia safari. Wanahistoria wetu wa kale hawakufanya hivyo. Hisham ibn al-Kalbi katika Kitab al-Asnam anataja masanamu ya Waarabu moja baada ya jingine, na humwachi bila ya kujua nani aliyeingiza upotofu. Abdallah alikuwa mtumishi wa watawala hao, na huenda ulimi wake ulifungwa na chumvi yao. Udhuru huo tunaufahamu, lakini hautoshi.

Na jambo hili si la kale tu. Serikali ya Tanganyika ilipofuta uchifu mwaka 1963, walikuwapo Wasambaa walioona kwamba njaa na ukame vimekuja kwa kuwa mwenye mvua ameondolewa; Steven Feierman, mwanahistoria wa Marekani, ameyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1990. Wengi wa wasemao hayo husali nyuma yetu. Kuwatukana babu zao mimbarini hakusaidii. Sayyidna Umar (r.a.) ulipokuja ukame alimtanguliza al-Abbas, ami yake Mtume, aliye hai, aombe dua pamoja na watu. Wanavyuoni wamehitilafiana katika tawassul, nasi hatuuingii mlango huo leo. Ama kumchinjia marehemu ili alete mvua, hakuna madhehebu iliyoruhusu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, swala ya kuomba mvua ni sunna iliyotiliwa mkazo, rakaa mbili uwanjani, kwa toba na kugeuza mashuka. Ni misikiti mingapi ya milima hii imeiswali mvua ya vuli ilipochelewa?

Mwalimu atakayekisomesha kitabu hiki aanze na kisa cha kaumu ya Nuhu. Afikapo penye kigego afunge kitabu kidogo, awasomee wanafunzi Suratu Takwir, aya ya 8 na ya 9, juu ya binti aliyezikwa hai, kisha awaulize Mbegha angekuwa nani lau mila ingetimizwa. Ndipo aendelee na safari ya Bumbuli.